Upana wa Kidole Kwenye Pedi ya Kipa

Pedi za kipa wa hoki ya barafu ni nzito kuliko zinavyoonekana. Kwa nje ni ngozi, kwa ndani ni sponji ngumu iliyopangwa tabaka kwa tabaka, na zikishakunywa jasho la mechi moja huwa kama godoro lililonyeshewa. Nilizishona miaka mingi katika chumba cha nyuma cha duka moja la Kingsbury, London, na mpaka leo vidole vya mkono wangu wa kulia havikunjiki sawasawa. Namshukuru Mungu, tasbihi bado vinaishika.

Duka lilikuwa la Singasinga mmoja, mzaliwa wa Nairobi. Mbele aliuza sare za shule na viatu vya michezo, nyuma tukishona na kutengeneza vilivyochanika. Ujanani mwake alicheza mpira wa magongo huko Nairobi, ule wa kwenye majani, na alipohamia Uingereza akaupenda na huu wa barafuni. Alikuwa akisema ni mchezo ule ule, ila wachezaji wamepandwa na wazimu kwa baridi. Mimi nilitoka Unguja, nikapita nchi nyingine mbili kabla ya London. Nilifanya kazi ghalani Edmonton, kaskazini mwa jiji, mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikarudia cherehani, kazi aliyonifundisha baba yangu pamoja na Kurani. Singasinga aliniita Maalim kwa sababu jioni nilikuwa nasomesha watoto msikitini. Mimi nilimwita Bwana Singa. Tulibishana kutwa, yeye kwa Kiswahili chake cha Nairobi na mimi kwa changu, na wateja wa Kigujarati waliotoka Kampala au Kisumu waliingilia kati bila kuulizwa, kisha wakakumbuka kuwa wamekuja kununua soksi.

Timu moja ya kulipwa ya hoki ya barafu ilituletea vifaa vyake. Ndivyo mchezo ule ulivyoingia katika maisha yangu, kwa mlango wa nyuma, ndani ya mifuko inayonuka.

Katikati ya miaka ya tisini Bwana Singa alinichukua uwanjani kwa mara ya kwanza, Jumamosi moja. Nilivaa makoti mawili, na bado meno yakagongana. Maghribi niliswali kwenye ujia, pembeni ya mashine kubwa inayosawazisha barafu, na dereva wake akazima injini mpaka nilipotoa salamu. Yule kijana sikupata kumjua, lakini nimemwombea mara nyingi.

Mechi yenyewe ilinichosha. Wachezaji walikwenda kasi sana na hakuna kilichotokea. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga kilikuwa kikienda huku na kurudi huku, na mtu akikaribia goli, mabeki wanamvaa.

"Unaona, Maalim?" Bwana Singa akaniambia. "Goli iko pale, lakini kipa iko kama kabati. Utapiga wapi?"

"Kwani hairuhusiwi kumsogeza?"

"Kumsogeza kipa? Utatolewa nje!"

"Basi mbona wale mabeki wanawakumbatia wenzao, na gongo wanamtia mtu kiunoni kama wanavuta ndoo kisimani?"

"Hiyo refa haioni."

"Haoni au hataki?"

"Maalim, kunywa chai yako."

Hali ilikuwa hiyo kwa miaka. Magoli yalikuwa adimu, na watu wakiondoka wanapiga miayo. Makipa walizidi kunenepa, si miili yao bali pedi zao. Kila msimu ziliongezwa upana kidogo, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiziongeza, maana hakuna aliyekataza.

Kipa wa timu yetu alikuwa mtu wa Kanada, mrefu wa kiasi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alikuwa amekwishapita umri ambao wengi katika kazi yake huacha. Aliishi Queensbury, jirani na duka letu, na mkewe na binti zao wawili, katika nyumba ya kupanga, na alikuwa akija dukani mwenyewe, hamtumi mtu. Bwana Singa alimfundisha kuniita mzee, na yeye akalishika neno hilo kana kwamba ndilo jina langu. Magoti yalimsumbua. Alikuwa akikaa juu ya kiti changu cha wateja, miguu kainyoosha, ananitazama nikishona, na mara nyingi hatukuzungumza. Tulikuwa watu wawili waliochoka, na uchovu wa mwenzio haukuombi chochote.

Jambo moja aliniambia mapema, nalo ndilo lililotawala mwaka ule ninaotaka kuueleza. Kibali chake cha kukaa Uingereza kilifungamana na mkataba wake wa timu. Mkataba ukiisha bila kuongezwa, kibali nacho kimekwisha, na yeye, mkewe na binti zake lazima waondoke. Mabinti walikuwa wamekwishazoea shule. Yule mkubwa alikuwa akiongea kama watoto wa Queensbury hasa, mpaka babu yake kwenye simu alikuwa hamwelewi. Mimi najua maana ya kuambiwa ondoka. Sikumwambia mengi, nilimwambia tu kwamba nitamwombea dua, naye akashukuru.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili sheria zikabadilishwa. Wenye ligi walisema mchezo umekuwa mkavu, watu wanataka magoli. Mojawapo ya sheria mpya ilikuwa pedi za makipa zipunguzwe upana. Pedi itakayozidi kipimo, kipa ataadhibiwa na timu itatozwa faini. Kwa hiyo kabla ya msimu kuanza yule kipa alituletea pedi zake, na Bwana Singa akazitandaza juu ya meza yangu na kipimo kimeandikwa kwenye karatasi.

Sasa lazima nieleze namna nilivyosomeshwa. Chuoni kwetu, mwalimu alitufundisha kwamba anayetia udhu asisimamishe maji pale pale kwenye mstari wa kiwiko. Apandishe juu kidogo, ili awe na yakini kwamba kiwiko kizima kimeoshwa. Na katika Ramadhani usingoje alfajiri ikukute na tonge mkononi. Acha kula mapema kidogo, ndiyo maana ratiba zetu zina safu ya imsaki. Hiyo inaitwa tahadhari, na mimi nimekwenda nayo tangu utoto mpaka imekuwa haina tena fikira ndani yake. Nikipima kitambaa cha mtu namzidishia. Nikikata kilichoamriwa kukatwa, napita mstari.

Nikazikata pedi zile, na nikapita mstari kwa upana wa kidole kidogo.

Bwana Singa aliziona. "Maalim, si umekata sana?"

"Nimetia tahadhari. Sponji hii ikinywa jasho inavimba. Siku watakayokuja kupima imevimba, utasema nini?"

Akaifikiria faini, akaitikia kwa kichwa. "Sawa. Heri hivyo. Sitaki maneno na watu wa ligi."

Basi, tukakubaliana hivyo sote wawili, mchana kweupe, wala hapakuwa na siri. Kipa alizivaa, akasema ni nyepesi, akaenda zake.

Msimu ukaanza, na magoli yakaja kama mvua ya masika. Siyo kwetu tu, ligi nzima. Mechi ambazo zamani zilikwisha kwa goli moja sasa ziliisha kwa mengi, na watu waliokuwa wakipiga miayo wakawa wanatoka wamepoteza sauti. Dukani hapakuzungumzwa kitu kingine. Kila aliyeingia alikuwa na sababu yake.

Mzee mmoja wa Kigujarati, muuza magazeti wa jirani, alisema ni magongo. "Zamani magongo yalikuwa ya mbao. Sasa ni ya hii plastiki ya roketi. Mtoto mdogo akipiga, inakwenda kama risasi."

"Marefa," alisema Bwana Singa. "Sababu iko moja tu. Marefa wameanza kupiga filimbi. Ukimshika mtu, nje dakika mbili. Timu inabaki na mtu mmoja pungufu. Sasa utazuiaje?"

"Na pedi?" nikauliza.

"Pedi pia."

"Umesema sababu moja tu."

"Moja kubwa, Maalim. Zingine ni watoto wake."

Kipa naye, siku aliyokuja kushonewa mkanda uliokatika, alitupa yake. Alisema kuna sheria nyingine iliyobadilishwa ambayo watazamaji hawaioni. Zamani pasi ndefu kutoka nyuma ilikatazwa, sasa imeruhusiwa. Mtu anasimama mbali peke yake, anatupiwa kisahani, anakuja mbio na hakuna beki. "Zamani nilikuwa nawaona wakija, mzee," akasema. "Nilikuwa na muda wa kupumua. Sasa nikiinua kichwa keshafika."

Mimi sikuwa na sababu ya kutoa. Nilifikiri kwamba kwenye jambo kama lile kila mtu amekamata kipande chake, kama sisi tunavyobishana kuhusu mwezi. Msikiti huu wa London unafunga leo na ule kesho, na kila mmoja ana ushahidi wake, na Mungu anawapokea wote inshallah.

Lakini meneja wa timu hakutaka vipande. Yeye alikuwa na sababu moja isiyo na watoto: kipa amezeeka. Alilisema hilo mbele ya wachezaji, na likafika dukani kabla ya kipa mwenyewe. Baada ya mwaka mpya, alisema, ataamua nani anaongezewa mkataba na nani haongezewi.

Ramadhani mwaka ule iliangukia wakati wa baridi, siku fupi, na jua likitoka ni kama limelazimishwa. Alasiri moja nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani bila kushona, kichwa kinaniuma, nangoja tu. Kipa akaingia. Hakukaa. Aliweka pedi zake juu ya meza.

"Mzee, jana wamenipima."

Akasimulia. Katikati ya mechi, kocha wa timu pinzani alilalamika kwamba pedi zake zimezidi kipimo. Refa akaja na fremu ya chuma ambayo pedi lazima ipite ndani yake. Zikapita, na pembeni ikabaki nafasi. Refa akacheka, akasema, wewe ungeweza kuongeza kidole kizima na bado uko ndani ya sheria. Waliolalamika bure wakaadhibiwa, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyo. Kila mtu alicheka. Yeye peke yake hakucheka.

"Kwa nini?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na mimi nimechoka, na chumba kilinuka ngozi.

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Kiwiko, maji, imsaki. Kiingereza changu si kizuri kwa mambo ya fikihi, kwa hiyo nilipandisha mkono wa shati nikamwonyesha pale maji yanapofika na pale yanapotakiwa kufika.

Akatazama kiwiko changu kwa muda. "Kwa hiyo nimefungwa magoli kwa ajili ya Mungu?"

"Astaghfirullah, usiseme hivyo."

Bwana Singa akaingiza kichwa kutoka mbele. "Amefungwa kwa ajili ya faini! Mimi ndiye nilisema sawa. Mungu msimtie kwenye hesabu za duka."

Hapo kipa akacheka, cheko dogo, na akakaa kwenye kiti. Nikamwambia kwa kuwa ngozi ninayo na nafasi ipo, nitaurudisha upana wake mpaka mwisho wa kipimo cha sheria. Akasema hawezi. Meneja ameshaagiza kwamba asibadilishe kitu mpaka yeye meneja aulizwe kwanza. Halafu akasema, kwa sauti ile ya chini, kwamba hataki kumwendea meneja na kusema tatizo ni pedi, maana ataonekana anatafuta kisingizio, na duka litapoteza kazi ya timu.

Mimi nilihesabu kwa haraka kidogo: bila kazi ya timu Bwana Singa angeuza sare tu, na kwa sare tu hahitaji fundi wa ngozi.

"Basi nitakwenda mimi," nikasema.

"Utakwenda wapi?" Bwana Singa aliuliza.

"Kwa meneja."

"Wewe? Utamwambia nini? Utamwonyesha kiwiko?"

"Nikilazimika."

Alinitazama, akarekebisha kilemba chake mbele ya kioo cha wateja, kisha akaenda kufunga duka mapema. Alisema hawezi kuniacha niende peke yangu na njaa yangu, nitaanguka kwenye basi na yeye atalaumiwa na mke wangu.

Meneja alitupokea katika chumba kidogo juu ya uwanja, chenye dirisha la kutazama barafu. Alikuwa mtu mnene aliyevimba macho, naye pia hakuonekana kama mtu anayelala vizuri. Nikaeleza kwa ufupi, na kile nisichoweza Bwana Singa akakimalizia. Meneja akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka viganja juu ya meza.

"Umekuja kunieleza magoli," akasema. "Kila mtu ananieleza magoli. Mama anayeuza chai pale chini ananieleza. Daktari wa meno alinieleza nikiwa nimefumbua mdomo. Sasa na fundi wa nguo."

"Fundi wa ngozi," akasema Bwana Singa.

"Timu zote zimefungwa zaidi mwaka huu. Hata zinazoongoza. Sheria imetaka magoli na magoli yamekuja. Tiketi zinauzwa. Unafikiri wenye ligi wanasikitika?"

Nikamwuliza, kwa adabu, ikiwa wote wamefungwa zaidi, kwa nini basi aondoke huyu mmoja.

Akageukia dirishani. Chini yetu mashine ya barafu ilikuwa ikizunguka polepole. "Kwa sababu," akasema, "sheria siwezi kuiachisha kazi. Kipa naweza."

Yale maneno niliyapokea bila chuki. Alikuwa amesema kweli yake, na wengi niliowahi kwenda kuwaomba kitu katika maofisi ya nchi mbalimbali hawakunipa hata hiyo. Nikamwambia kwamba sikuja kuomba amweke kazini. Nimekuja kuomba kwamba kabla ya kumhukumu, apewe kile ambacho makipa wengine wote wanacho. Kidole kimoja kila upande, ndani ya sheria ile ile. Kisha aamue.

Alifikiri. "Ziongeze," akasema. "Na msije tena."

Kwenye basi la kurudi, Maghribi ikatukuta njiani. Bwana Singa alitoa tende mfukoni mwa koti, zimefungwa kwenye karatasi ya duka, akanipa. Sikujua kwamba alikuwa anaangalia saa.

Niliporudi nyumbani Edmonton mke wangu alikuwa ameshafuturu. Alinitengea uji, akaniangalia nikinywa.

"Mume wangu, umetoka mchana mzima kwa ajili ya magoli?"

"Kwa ajili ya mtu."

"Mtu gani?"

"Wa Queensbury. Wanataka kumrudisha kwao."

Akaondoa sahani taratibu. "Basi kunywa na hicho kilichobaki," akasema. Mke wangu naye alipita nchi zile mbili.

Nikaziongeza pedi. Nilishona ukanda mpya wa ngozi pembeni, na safari hii nilipima mara baada ya mara, nikasimama pale pale kwenye mstari. Si rahisi kwa mtu aliyezoea kupita. Mkono wenyewe ulikuwa unataka kuendelea. Ngozi mpya ilikuwa nyeupe zaidi kuliko ile ya zamani, na mshono ulionekana hata kutoka mbali.

Bwana Singa alikwenda kila mechi iliyochezwa London, na mimi nilikwenda nilipoweza. Ningependa kuandika kwamba magoli yalikoma. Hayakukoma. Yalipungua kidogo kwa wiki chache, halafu yakarudi. Nilijifunza kuyatazama yanapopita, jambo ambalo zamani macho yangu hayakuliweza. Mengi yalipita juu, karibu na bega, ambako pedi haifiki. Mengine yalipita katikati ya miguu. Na mengine, haya ndiyo yaliyonisikitisha, yalikuja hivi: mshambuliaji wa kulia anampa wa kushoto pasi ya haraka, hakuna beki anayethubutu kumshika mtu, na kipa lazima ajisukume kutoka mlingoti huu mpaka ule. Goti linachelewa. Linachelewa kitambo kidogo mno, lakini kisahani hakingoji.

"Magoti," nikamwambia Bwana Singa.

"Magoti," akakubali. Alikuwa hajasema refa wala gongo jioni nzima.

Lakini kuna mechi moja. Mshambuliaji alipiga kutoka karibu, chini kabisa, kuelekea ndani ya mlingoti, na kipa akanyoosha mguu. Kisahani kiligonga ukingo wa pedi, pale kwenye ukanda mweupe, kikaruka nje. Hapakuwa na shaka. Bwana Singa alisimama akanishika bega kwa nguvu mpaka likaniuma.

"Kidole, Maalim! Kidole!"

Watu walitugeukia, hawakujua tunashangilia nini, maana timu yetu ilikuwa nyuma. Kipa aliinua gongo lake upande tuliokaa. Mimi nilifurahi, na hapo hapo furaha ikanilemea. Maana kama kidole kile kimezuia moja leo, basi kutoka mwanzo wa msimu mpaka Ramadhani, huenda mengine yalipita hapo hapo. Mangapi, hakuna ajuaye. Nilimwachia Mungu hesabu hiyo, kwa sababu yeye ndiye anayeiweza, na sikutaka kuibeba nyumbani.

Mechi ile walishindwa.

Mkataba haukuongezwa. Kipa alikuja dukani mwenyewe kutuambia, kama alivyokuwa akija siku zote, akakaa kwenye kiti na kunyoosha miguu. Timu imemchukua kijana mmoja, akasema, mrefu sana, mwenye mikono kama milango. Siku hizi wanatafuta makipa wakubwa wa miili. Wakipunguziwa pedi, wanaongeza mtu.

"Halafu watapunguza mtu," akasema Bwana Singa.

"Watapunguza kitu kingine. Baba yangu ananipigia simu kutoka nyumbani analalamika magoli ni mengi hata huko. Amepata sababu mpya kila wiki." Akasugua goti. "Mimi nilikuwa nataka kujua jambo moja tu, mzee. Kama kidole kile kisingekatwa tangu mwanzo, ningebaki?"

Bwana Singa alianza kujibu, nikamwona amejizuia. Swali lilikuwa langu.

Ningeweza kumwambia hapana, ni magoti yako, ungeondoka tu, na hilo lingekuwa linanipumzisha mimi. Ningeweza kumwambia ndiyo, na hilo lingempumzisha yeye, angeondoka akijua si uzee. Nilikuwa nimekwishawaona watu waliopewa jibu moja la namna hiyo kuhusu kuondoka kwao, na walivyoishi nalo miaka, wakililisha.

"Sijui," nikasema. "Wallahi sijui. Zilikuwa sababu nyingi, na yangu ilikuwa mojawapo. Ukubwa wake anaujua Mungu."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepokea kitu kizito kuliko alivyotaka lakini kisichomwumiza mkono. "Sawa," akasema. "Hilo naweza kwenda nalo."

Wangeondoka shule zikifungwa. Binti mkubwa alikuwa amelia, akasema kipa, na mdogo alikuwa anauliza kama kule kuna basi lenye ghorofa. Mkewe alikuwa na nguvu kuliko wote. Kipa aliposimama kuondoka aliniuliza kama ile dua niliyomwahidi zamani niliwahi kuiomba.

Nikamwambia niliiomba kila siku, na nyingine ipo, ya msafiri, ambayo husomwa mtu akiwa yupo. Akavua kofia. Bwana Singa akaja kutoka mbele akasimama naye, mikono ameikusanya. Nikasoma kwa Kiarabu, bila haraka, kisha nikaifasiri kwa Kiswahili, na Bwana Singa akamgeuzia kwa Kiingereza maneno aliyoyaweza: safari iwe nyepesi, umbali ukunjwe, watu wako uwakute salama.

Kengele ya mlango ililia katikati ya dua. Aliingia mama mmoja na sketi ya shule mkononi, zipu imeharibika. Akatuona, watu wazima watatu tumeinamisha vichwa kati ya mabegi ya vifaa, na akabaki pale mlangoni akingoja. Nikamalizia. Kipa alivaa kofia yake, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshika na Bwana Singa, akapita pembeni ya yule mama akimwomba radhi.

Bwana Singa akamwuliza mama zipu ni ya inchi ngapi, na mimi nikarudi kwenye cherehani.